Mafuriko ya Sabaki na Nukta Isiyokaa Mahali Pake

Ndugu zangu wa Malindi na Magarini, asalaam aleikum.

Mto Sabaki ukifurika, dereva wa lori la msaada haulizi ramani ya kupendeza. Anauliza njia inayopitika leo. Tetemeko lilipoipiga Haiti Januari 2010, watu wa kujitolea waliichora mitaa ya Port-au-Prince kwenye OpenStreetMap, ramani huria ya mtandaoni inayochorwa na yeyote, kwa kufuata picha za setilaiti, na waokoaji wakaitumia. Siku hizi kazi huenda hivi: eneo hukatwa miraba, mchoraji huchukua mmoja, hufuata kingo za mapaa, huhifadhi, kisha mkaguzi hupitia.

Mchoraji aliye Berlin huliona paa la bati mara moja. Paa la makuti makuukuu, kwake ni majani makavu, hulipita. Picha iliyopigwa maji yamekupwa humwonyesha mchanga. Yakijaa, pale ni bahari. Uliza manahodha wa Lamu kuhusu mkondo wa Mkanda, kati ya kisiwa cha Manda na bara. Majina ya vijiji ndiyo kabisa, setilaiti haiyajui. Hayo yatoke kwenu.

Lakini panapoharibika zaidi ni kwenye taarifa mnazotuma kwa simu. Mahali huandikwa kwa namba mbili, latitudo kisha longitudo: Malindi iko karibu na -3.22, 40.12. Alama ya kutoa maana yake kusini mwa ikweta. Ukiisahau, nukta yako inaruka zaidi ya kilomita 700 hadi kaskazini mwa Kenya. Ukizigeuza namba, ya pili ikatangulia, mwathirika wako yuko Uhispania, si mbali na Madrid! Tena msikate tarakimu: mbili baada ya nukta ya desimali, kosa laweza kupita nusu kilomita, nne, ni mita chache tu. Andikeni tano.

Picha ya kawaida ya WhatsApp haibebi mahali ilipopigwa, kwa hiyo tumeni na mahali penyewe.

Halafu saa. Mtu wa Mambrui anaandika "barabara imekatika saa mbili asubuhi", mgeni anayeingiza taarifa anaweka 02:00. Maji yamesogezwa nyuma saa sita. Andikeni 08:00, na mseme kama mmeona kwa macho au mmesikia, kwani ujumbe mmoja ukisambazwa na watu ishirini hauwi mashahidi ishirini.

Namba ya simu ya mama aliyekwama ibaki kwa waokoaji. Kwenye ramani ya wazi yatosha: watu watano, maji ya kifua, 08:00.