Kuliona Kombora Lililokwisha Kuzima: Setilaiti ya MSX na Kazi Yake

Wakubwa zangu, shikamooni. Vijana mliojaa hadi kule nyuma, hamjambo.

Nimeombwa nizungumzie ulinzi dhidi ya makombora. Mara nyingi mazungumzo haya huanzia kwenye silaha: kombora linalotungua kombora jingine. Mimi nitaanza na setilaiti ambayo haikubeba silaha hata moja. Iliitwa MSX. Ilirushwa tarehe 24 Aprili 1996 kutoka kambi ya Vandenberg, California, kwa roketi ya Delta II, ikawekwa kwenye mzingo wa kilomita 900 hivi unaopita karibu na ncha za dunia. Ilikuwa mali ya BMDO, shirika la Wizara ya Ulinzi ya Marekani lililorithi mradi ulioanzia kwenye hotuba ya Rais Ronald Reagan ya Machi 1983. Walioiunda ni wataalamu wa maabara ya fizikia tumizi ya Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Maryland. Ninaiheshimu sana kwa sababu ilitumwa kujibu swali ambalo kelele za siasa zilikuwa zimelifunika: kitu tunachotaka kukitungua, tunaweza kukiona?

Kombora la kuvuka mabara huruka kwa nusu saa hivi. Dakika tatu hadi tano za mwanzo injini zinawaka, na moto wake ni mkali kiasi cha kuonekana kutoka kilomita 36,000 juu. Setilaiti za DSP, za Marekani za kutoa onyo la makombora, zilikuwa zikifanya kazi hiyo tangu miaka ya 1970, na katika vita vya Ghuba vya 1991 ziliona makombora ya Scud ya Iraki yakifyatuliwa. Kisha injini zinazima. Kichwa chenye bomu kinajitenga na kuendelea na safari nje ya angahewa kwa dakika ishirini hivi, bila moto wowote. Rada ya ardhini haikioni mpaka kichomoze juu ya upeo, maana mawimbi yake hayapindi kufuata mviringo wa dunia. Kipindi hicho cha katikati, kirefu kuliko vingine vyote, ndicho MSX ilichotumwa kukichunguza.

Kichwa hicho kina joto la kawaida, tuseme kama la ukumbi huu. Kitu chenye joto hilo hutoa mionzi ya infraredi, isiyoonekana kwa macho, na mingi yake ina mawimbi ya urefu wa mikromita 10 hivi. Anga lililo nyuma yake ni baridi mno, kwa hiyo kinapaswa kuonekana. Lakini darubini nayo, ikiwa na joto la kawaida, inatoa mionzi ile ile; ni sawa na kutafuta kibatari cha mbali huku umeshika karabai mbele ya macho yako. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Utah, walioitengeneza darubini ya SPIRIT III iliyobebwa na MSX, waliipoza kwa hidrojeni iliyogandishwa. Hidrojeni huganda kwenye nyuzi 259 chini ya sifuri. Fikirini ugumu wa kuipandisha barafu ya namna hiyo juu ya roketi inayotetemeka! Tena barafu hiyo haidumu: kadiri inavyopokea joto inageuka gesi na kupotelea angani, wala hakuna wa kwenda kuijaza. Ilikwisha Februari 1997, miezi kumi tu baada ya kurushwa. Wapo watakaosema ni hasara. Kwangu mimi miezi hiyo kumi ilitumika vizuri kuliko miradi mingi iliyodumu miaka.

Niseme kwa nini. Kule juu hakuna hewa ya kukizuia kitu chepesi. Puto jembamba na kichwa kizito vikiachiliwa pamoja huruka njia moja kwa kasi moja. Adui anaweza kurusha maputo mengi na kuficha bomu katikati yake. Utavitofautishaje? Njia mojawapo ni joto. Puto halina uzito wa kuhifadhi joto, hivyo likiingia kwenye kivuli cha dunia hupoa upesi, ilhali kichwa kizito hupoa polepole. Darubini inayopima infraredi ya urefu mbalimbali inaweza kuufuatilia mwenendo huo. Ila kwanza lazima ujue nyuma yake kuna nini: ukingo wa dunia unaong'aa, mianga ya ncha za dunia, vumbi la mfumo wa jua, nyota. Hivyo MSX ilitumia muda wake mwingi kupima mandhari hayo.

Na hapa wanaastronomia walinufaika. Setilaiti ya IRAS ya mwaka 1983, iliyopima anga kwa infraredi, ilikuwa imeacha mapengo, na palipojaa nyota nyingi, kwenye ukanda wa galaksi yetu, picha zake zilichanganyikana. MSX iliupiga picha ukanda huo kwa ukali zaidi. Mbele ya mwanga wa Njia Nyeupe yakaonekana mabaka meusi: mawingu baridi na mazito ya gesi na vumbi, ambamo nyota kubwa huzaliwa. Takwimu zile zilifunguliwa kwa watafiti, na orodha za MSX zinatumika hadi leo. Naamini kwa dhati kwamba vipimo vya asili visivyofichua siri ya silaha havipaswi kufungiwa kabatini.

Barafu ilipokwisha, kamera ya mwanga wa kawaida iliyotengenezwa na maabara ya Lincoln ya MIT iliendelea kufuatilia setilaiti nyingine hadi 2008.

Kijana wa mstari wa pili ameniandikia kikaratasi: je, tatizo la maputo limetatuliwa? Jibu langu ni hapana. Anayejilinda hupima anachokijua, na adui ana uhuru wa kubadili mbinu. Anaweza hata kukiweka kichwa chenyewe ndani ya puto, kisha hakuna kichwa kisichofunikwa cha kulinganisha nacho. Na sasa kuna silaha zinazoteleza chini zaidi huku zikikata kona. Februari 2024 Marekani ilirusha setilaiti mbili za majaribio ziitwazo HBTSS kutoka Cape Canaveral ili kuzifuatilia. Setilaiti hizo hutazama chini, na nyuma ya shabaha yao si anga baridi tena, ni dunia yenye joto, mawingu na bahari, inayobadilika saa hadi saa, nayo lazima ipimwe upya.