Dola kwa Kadi: Makato Yanayokungoja Nyuma ya Kaunta

ZUHURA: Karibu tena kwenye kipindi. Leo nazungumza na wewe unayepanda ndege kwenda Dubai kufuata mzigo, na umepanga kupita duka la foreksi pale mtaa wa Mama Ngina, Nairobi, uchukue dola kwa kadi.

OTIENO: Na mbona asichukue? Kutembea mjini na laki moja mfukoni ni kujitafutia balaa.

ZUHURA: Kadi sijaikataa. Nauliza tu, kadi gani? Ukiwa na ya debiti, hizo ni pesa zako, uliza tu kama bei ya kadi ni ile iliyoandikwa ubaoni. Ukiwa na kadi ya mkopo, ngoja kidogo.

OTIENO: Lakini nikinunua viatu kwa hiyo ya mkopo sitozwi kitu, bora nilipe kwa wakati.

ZUHURA: Viatu ni bidhaa. Kila mwenye mashine ya kadi amepewa nambari ya tarakimu nne inayoiambia benki anauza nini. Ya kununua fedha za kigeni mara nyingi ni 6051, na benki nyingi zikiiona zinahesabu kwamba umekopa pesa taslimu. Wewe umesimama kaunta, lakini kwao ni kama umeenda ATM.

OTIENO: Kwa hiyo zile wiki za kulipa bila riba?

ZUHURA: Sahau. Kwa kawaida riba inaanza siku hiyo hiyo. Kuna ada ya kuchukua taslimu, na serikali nayo inataka ushuru juu ya ada. Tupige hesabu. Tuseme duka linauza dola kwa 131. Laki moja inakupa dola 763. Tuseme ada ni asilimia 4, hiyo ni 4,000. Ukilipa deni baada ya mwezi, kwa riba ya asilimia 3, weka 3,000 nyingine. Sasa gawanya 107,000 kwa 763.

OTIENO: Ngoja... mia moja na arobaini!

ZUHURA: Na ushuru sijagusa.

OTIENO: Wakenya tulilia dola ilipopita 160 mwanzoni mwa 2024. Imeshuka mpaka karibu 129, halafu mtu anajipandishia mwenyewe!

ZUHURA: Na risiti ya dukani haionyeshi hata senti ya hayo makato. Utayakuta kwenye taarifa ya kadi, ushasahau safari.

OTIENO: Basi mtu afanyeje? Maana wengine mshahara umeisha, na hiyo kadi ndiyo iliyobaki.

ZUHURA: Huyo namwambia anunue dola chache, za teksi na chakula cha siku ya kwanza. Mwenye shilingi zake azilipe kutoka akaunti ya benki au M-Pesa, kama duka linapokea. Na asisubiri kufika uwanja wa ndege wa JKIA. Ashike simu, apigie maduka matatu, alinganishe na kiwango cha siku cha Benki Kuu.

OTIENO: Halafu huko Dubai kadi ilipe mengine.

ZUHURA: Hapo nakuunga mkono, ila chunga mashine. Umekula chakula cha dirhamu 180, mhudumu anakugeuzia kioo, kuna vitufe viwili: dirhamu 180, au shilingi 6,730.

OTIENO: Mimi nabonyeza shilingi. Naielewa.

ZUHURA: Ndiyo maana wameiweka! Dirhamu imefungwa kwa dola tangu 1997, dola moja ni dirhamu 3.6725. Kwa hiyo 180 ni kama dola 49. Zidisha kwa 129, ni kama 6,320. Hata benki yako ikiongeza asilimia 3 ya kutumia kadi nje, unafika 6,510 hivi. Zile mia mbili na zaidi zinabaki kwa mwenye mashine na benki yake.

OTIENO: Na nikichagua shilingi, angalau benki yangu haitanitoza ile asilimia 3?

ZUHURA: Baadhi ya benki zinatoza tu, kwa sababu duka liko nje ya Kenya. Unakatwa mara mbili. Bonyeza dirhamu. Na ATM ya huko ikikuuliza ikubadilishie kwa shilingi, kataa. Pesa zitatoka vilevile.

OTIENO: Kuna msikilizaji anauliza, akirudi na dirhamu zimebaki?

ZUHURA: Noti atauza, kwa bei ya kununua ya duka, ambayo iko chini. Sarafu asijisumbue kubeba, huku huwa hazipokelewi.

OTIENO: Anunue maji uwanja wa ndege huko huko Dubai.

ZUHURA: Na chokoleti za watoto, zikitosha.