Mfalme wa Uajemi ndani ya neno "check"

Ndugu zangu, kijana akimwambia mwenzake "nitakucheki baadaye", anamtaja mfalme wa Uajemi bila kujua. Msicheke, naeleza.

"Cheki" tumeitoa kwa Waingereza, hilo halina ubishi. Wao "check" waliichukua kwa Wafaransa wa kale waliosema "eschec", na ukizidi kuifuata nyuma inapitia Kiarabu hadi kwa Waajemi: shah, yaani mfalme. Kilichoisafirisha ni mchezo wa sataranji, yaani chess. Mchezo ulitoka India ukaingia Uajemi. Waarabu walipoiteka nchi hiyo katika karne ya 7 wakaupenda, wakaufikisha Hispania. Ukimtishia mfalme wa mwenzako ulimtangazia: "Shah!" Chunga, mfalme wako yu hatarini. Akishakosa pa kukimbilia ni shah mat, ambayo kwa Kiingereza imekuwa "checkmate".

Nasi wa pwani tunaye shaha wetu, ambaye hakuletwa na Mwingereza; hadi leo bingwa wa washairi huitwa shaha wa malenga. Kwa hiyo neno hili lilibisha hodi kwetu mara mbili, kwa milango tofauti.

Sasa, aliyetangaziwa "shah" hachezi atakavyo, lazima kwanza amwokoe mfalme. Ndipo "check" ikawa kuzuia. Kutoka kuzuia ikahamia kukagua, maana mkaguzi humsimamisha mtu hadi aridhike naye.

Lakini tawi linalonifurahisha zaidi ni la ubao wenyewe wa sataranji. Wafaransa waliuita "eschequier". Katika karne ya 12, hesabu za mfalme wa Uingereza zilifanyiwa juu ya meza ambayo Richard FitzNigel, mweka hazina wake, ametuachia maelezo yake: urefu futi kama 10, upana 5, na ukingo wa vidole vinne kuizunguka ili kitu kisidondoke. Juu yake hutandikwa kitambaa cheusi chenye mistari, na vihesabio hupangwa kwa safu: peni, shilingi, pauni, kuendelea. Huku mweka hazina, kule liwali wa jimbo aliyekusanya kodi, jasho linamtoka bila shaka. FitzNigel mwenyewe anawafananisha na wachezaji wawili wa sataranji walio vitani. Ofisi nzima ikaitwa kwa jina la ubao, Exchequer, na hata leo waziri wa fedha wa Uingereza ni Chancellor of the Exchequer.

Na hundi ya benki? Hapo awali "check" kilikuwa kile kishina kinachobaki hundi ikishakatwa, kwa ajili ya kuzuia watu wasighushi. Baadaye jina likahamia kwenye hundi yenyewe. Waingereza wakaanza kuiandika "cheque", nadhani ile Exchequer ya serikali iliwavutia macho. Wamarekani wakabaki na "check" yao.