Taarifa kwa Umma Huanza na Mtaa, Saa na Namba ya Simu

Habari za asubuhi. Wa nyuma sogeeni mbele, spika hii haifiki huko.

Maana ya uhusiano wa umma mlifundishwa muhula wa kwanza, na tofauti yake na matangazo mmeshaulizwa kwenye mtihani. Siirudii. Nasema lile lile ninalolisema kila mwaka: mtu anaweza kukaa hapa miaka 3, akavaa joho, na asiweze kuandika taarifa ya maneno 150 inayomsaidia mtu wa mtaani kupanga siku yake. Mkifika kwenye mafunzo kwa vitendo, hilo ndilo linaloonekana kwanza.

Tuseme uko kitengo cha mawasiliano cha mamlaka ya maji. Pampu inabadilishwa, unaambiwa uandike. Karibu kila karatasi ninayosahihisha huanza hivi: "Uongozi wa Mamlaka unapenda kuwataarifu wateja wake wote kwamba, kutokana na maboresho ya miundombinu yanayoendelea katika mtambo wa kuzalisha maji, kutakuwa na upungufu wa huduma katika baadhi ya maeneo. Tunaomba radhi kwa usumbufu wowote utakaojitokeza."

Isomeni kwa jicho la mama mwenye mgahawa Sinza. Baadhi ya maeneo ni yapi, Sinza imo? Upungufu maana yake maji yatatoka kidogo au hayatoki kabisa? Ajaze madumu mangapi? Yanarudi lini? Taarifa nzima haina hata jibu moja.

Sasa hii: "Maji yatakatika Sinza, Kijitonyama na Mwenge siku ya Jumanne, kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 12 jioni. Mafundi watabadilisha pampu inayosukuma maji kwenda maeneo hayo. Tafadhali jazeni maji ya kutosha kutwa nzima kufikia Jumatatu usiku. Zahanati zitapelekewa boza." Halafu namba ya simu. Mama ameshajua la kufanya.

Tofauti ya hizo mbili haikutokana na kipaji. Wa pili alikwenda kwa mhandisi kabla ya kushika kalamu, akauliza: kinakatika nini, mitaa gani kwa majina, kuanzia saa ngapi, hadi saa ngapi, kwa nini, na kazi ikichelewa itakuwaje. Hilo la mwisho ndilo mnalolisahau, na ndilo linalochoma ofisi. Saa 12 jioni inafika, bomba ni kavu, simu zinalia, na afisa uhusiano hana neno. Taarifa ya kuchelewa iandikwe kabla kazi haijaanza, ibaki nafasi moja tu ya kujaza saa mpya na sababu. Na namba mnayoweka iwe ya mtu atakayepokea siku hiyo. Mnaandika namba ya ofisi inayofungwa saa 9 na nusu alasiri, wakati maji yanatarajiwa kurudi saa 12!

Najua mtaniambia mkurugenzi ndiye anayetaka "Uongozi unapenda". Ni kweli, wengi wanataka. Usibishane naye juu ya mtindo, hutashinda. Muulize hivi: "Mteja wa Sinza akipiga simu sasa hivi, tumjibu nini?" Atakujibu kwa sentensi fupi yenye mtaa na saa. Sentensi hiyo ndiyo aya yako ya kwanza, na imetoka kinywani mwake.

Wengine mtasema mmekuja kusoma mkakati, si uandishi. Haya, twende kwenye mkakati. Nyote mnaikariri kesi ya Tylenol, dawa ya maumivu: mwaka 1982, eneo la Chicago, watu 7 walikufa kwa vidonge vilivyotiwa sianidi. Mkiulizwa kampuni yenye dawa hiyo, Johnson & Johnson ilifanya nini, mnajibu "iliwasiliana kwa uwazi", mnapata alama mbili. Iliondoa madukani chupa zipatazo milioni 31, ikawataka watu waache kuvitumia vidonge hivyo, kisha ikarudi sokoni na kifungashio ambacho mtu akikichokoa kinaonyesha. Maneno yalikuwa na nguvu kwa sababu kulikuwa na tendo la kutaja. Afisa anayeitwa akiwa na jukumu la kutafuta maneno tu, wakati uamuzi wa kutenda umeshakataliwa, hana mkakati wowote mkononi. Ndiyo maana napigania mkae kwenye kikao kile kinachoamua kama boza linakwenda zahanati au haliendi. Na hamtapewa kiti hicho kama mhandisi haamini kwamba mnaelewa pampu.

Grunig na Hunt, wataalamu wa Marekani, 1984, mifumo minne ya uhusiano wa umma. Msinitajie majina yake. Nionyesheni kwenye karatasi yenu mahali ambapo mwananchi anaweza kujibu, na nani ofisini anabeba jibu hilo kwenda kwa mkurugenzi. Kama hakuna, huo si mfumo wa pande mbili, hata mkiuandika kwa wino mwekundu.

Muda unakwisha, na matangazo sijayagusa. Harakaharaka basi. Tangazo la redio la sekunde 30 kwa Kiswahili lisizidi maneno 60 hivi. Maneno yetu ni marefu, na mkijaza 80 mtangazaji atasoma mbio na jina la bidhaa litamezwa. Lisomeni kwa sauti na saa mkononi. Lengo la kampeni lisiwe "kuelimisha jamii": semeni nani, afanye nini, kufikia lini. Kupima kazi kwa kukata vipande vya magazeti vinavyowataja na kuvipiga bei kana kwamba ni nafasi ya tangazo la kulipia, acheni. Wataalamu wa upimaji walishalikataa hilo Barcelona mwaka 2010, na bado nalikuta kwenye ripoti zenu. Picha za watu, idhini kwa maandishi, someni Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya 2022. Hilo lina kipindi chake.

Kufikia Alhamisi kila mmoja alete taarifa mbili: ya kukatika umeme kwenye soko unalolijua, na ile ya kuchelewa kuurudisha. Maneno 150 kila moja. Kabla ya kuleta, msomee mtu mmoja mwenye kibanda sokoni humo, kisha umuulize atafanya nini. Andika jibu lake nyuma ya karatasi. Nitaanza kusahihisha huko nyuma.