Tuma na ya Kutolea

Nawasalimu kwa imani zetu zote. Mwenyekiti amenipa dakika ishirini, na namna anavyoitazama saa yake naona zimeshaanza kukimbia, kwa hiyo niingie moja kwa moja.

Nani hapa ameombwa mchango mwezi huu? Naona mikono karibu yote. Harusi, kipaimara, msiba, mgonjwa. Haya, nani ameombwa mchango wa utafiti? Mmoja tu, kule nyuma, na huyo ni mwanafunzi wangu, anajipendekeza.

Sisi tunamchangia mtu. Picha yake inarushwa kwenye kundi la WhatsApp, inafuata namba ya mtunza hazina, na chini yake: tuma na ya kutolea. Utafiti hauna picha ya kurusha. Leo nimekuja kuliombea mchango swali.

Mwaka juzi mama yangu mdogo alikatwa kinyama kwenye ziwa la kushoto. Hospitali ile haikuwa na maabara ya kukipima, nikakabidhiwa kichupa mkononi. Kinyama chenyewe kama punje ya harage, kinaelea kwenye dawa, jina lake limeandikwa kwa peni ya bluu juu ya plasta. Nikakizungushia mfuko, nikakitia kwenye mkoba, nikapanda daladala. Kila dereva akikanyaga breki nafungua mkoba kuchungulia. Majibu yakaja: ni saratani. Daktari akasema bado anahitaji kipimo cha HER2, na hicho kinafanyika kwingine, kwa hela nyingine. Hapo ndipo nilipoanza kujiuliza hiki kipimo kilitoka wapi, na nani alitoa hela mpaka kikajulikana.

HER2 ni protini iliyo juu ya chembe hai ya mwili, yaani seli, kama sikio linalopokea amri ya kugawanyika. Kwa baadhi ya wagonjwa jeni inayoitengeneza imejirudia mara nyingi mno, basi chembe inasikia amri usiku na mchana. Mwaka 1987 Dennis Slamon wa Chuo Kikuu cha California kule Los Angeles, pamoja na wenzake, walichapisha matokeo ya sampuli 189 za uvimbe wa matiti. Karibu asilimia 30 zilikuwa na jeni hiyo kwa wingi, na wanawake wenye nazo ndio waliorudiwa na ugonjwa upesi na kufa upesi. Slamon akataka kuliziba hilo sikio kwa kingamwili, protini inayonasa kitu kimoja tu. Kampuni ya dawa ya Genentech ilikuwa na uwezo wa kuitengeneza, lakini wakubwa wake walisita. Nani aweke mtaji kwenye wazo ambalo halijamponya mtu?

Hela ilitoka kwenye lipstiki. Brandon Tartikoff, mkuu wa burudani wa televisheni ya NBC, alikuwa ametibiwa na Slamon saratani ya Hodgkin. Mkewe, Lilly, alitaka kurudisha fadhila. Angeweza kumnunulia daktari gari, watu wa mji ule wana uwezo huo. Yeye akaenda kumgongea mlango Ronald Perelman, mwenye kampuni ya vipodozi ya Revlon, na mwaka 1989 zikatoka dola milioni 2.4 kwa ajili ya maabara. Brandon mwenyewe alifariki mwaka 1997. Dawa, Herceptin, yaani ile kingamwili, iliidhinishwa Marekani Septemba 1998.

Mnaona kwamba Lilly naye alianzia kwa mtu, tena mumewe. Tofauti yake na sisi ni kwamba alimuuliza daktari anahitaji nini, akavumilia jibu.

Ila nisiipambe sana hadithi hii. Sadaka ilibeba hatari ya mwanzo, pale ambapo kampuni ilikuwa inasitasita, na sijaona popote kwamba iliweka sharti kuhusu bei. Shirika la Afya Duniani liliiweka dawa hii kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2015, na miaka minne baadaye bado lilikuwa linasema bei yake duniani ni wastani wa dola 20,000. Ilipofika Desemba 2019 ndipo shirika hilo likathibitisha ubora wa dawa ya kwanza iliyofanana nayo, ya bei nafuu. Kuanzia 1998 mpaka 2019, hesabuni wenyewe. Mimi ningekuwa mfadhili ningeandika sharti la bei siku ileile ya hundi.

Sasa twende Kampala. Mwaka 1980 alifariki kwa saratani ya matiti mwanamke mmoja wa Marekani, Susan Komen, na miaka miwili baadaye dada yake, Nancy Brinker, akaanzisha taasisi kwa jina lake. Watu wakakimbia mbio, wakachangisha. Sehemu ya hela hizo, pamoja na za taasisi ya kimataifa ya utafiti wa saratani, ililipia utafiti uitwao ABC-DO, wa kufuatilia wagonjwa wa saratani ya matiti, katika Uganda, Zambia, Namibia, Nigeria na Afrika Kusini. Kazi yenyewe ilikuwa ya simu. Kila baada ya miezi mitatu mtafiti anampigia mgonjwa, au ndugu yake: mama anaendeleaje, dawa amepata, yupo? Kwa vocha na uvumilivu tukapata jibu ambalo faili za hospitali zetu hazikuwahi kutupa. Baada ya miaka mitatu nusu tu ya wanawake walikuwa hai. Namibia, weupe walikuwa asilimia 90, weusi 56. Nchi moja! Na wakakadiria kwamba karibu theluthi ya vifo vingeweza kuzuilika kwa kuwahi kugundua na kutibu vizuri zaidi. Kisha wakahesabu watoto: kwa kila vifo 100 vya akina mama walio chini ya miaka 50, yatima wapya 210.

Fulana za pinki za kuchangia saratani ya matiti nitazipitia haraka, maana najua wengine mmezivaa. Vaeni. Ila muulizeni anayeuza ni shilingi ngapi inafika na inafika wapi. Marekani, mwaka 2015, serikali ilishtaki mashirika manne yaliyojiita ya kusaidia wagonjwa wa saratani; dola milioni 187 za watu, nyingi zimeliwa na wenyewe na wachangishaji.

Lakini msije mkageukia upande wa pili mkasema hela yote iende kwa mgonjwa, hakuna ya ofisi. Yule mpiga simu wa Kampala anakula. Jokofu la sampuli linataka umeme, na jenereta umeme ukikatika. Hiyo ndiyo ya kutolea. Anayetuma elfu kumi kavu amemwachia mwenzake deni, na hilo kwenye harusi tunalijua vizuri.

Ombi langu ni dogo. Kuna muuguzi anataka kuwapigia simu wanawake waliokatwa kinyama mwaka uliopita na hawakurudi kuchukua majibu, awaulize kisa nini. Nauli? Mume? Woga? Majibu hayajafika hospitalini? Anahitaji vocha za mwaka mzima na posho. Daftari liko mlangoni kwa yule dada mwenye kilemba cha njano. Anapokea taslimu na ya simu, na risiti atakuandikia.