Kufuga Kuku na Nguruwe Kwenye Majani: Kwa Anayeanza

Habari za asubuhi, wazee wangu, akina mama, nanyi vijana. Nimeombwa nizungumzie ufugaji wa kuku na nguruwe kwenye malisho, yaani nje, juu ya majani, badala ya kuwafungia bandani maisha yao yote. Naona wengi wenu ndio mnaanza: mstaafu mwenye ekari mbili, binti aliyerudi kutoka mjini kulishika shamba la baba yake, akina mama wa kikundi cha kuweka na kukopa. Nitasema nanyi kama jirani anayefuga.

Kwanza tuelewane neno lenyewe. Mtu wa kwetu akisikia "malisho" anawaza kuku wa bibi. Asubuhi unafungua mlango, jioni wanarudi wenyewe, na wakipungua wawili lawama anapewa mwewe. Au anawaza nguruwe wanaoachiwa baada ya mavuno, wanazunguka kijiji kizima wakijitafutia. Huko ni kuzurura. Kwenye malisho ni wewe unayeamua mnyama alale wapi leo, ahamie wapi kesho, na lini arudi pale alipotoka. Mnyama wa nje anataka jicho lako kuliko wa bandani, na mtu asikudanganye kwamba ni ufugaji wa kupumzika.

Anza na kuku. Nasema hivyo hata kwa mwenye mtaji wa nguruwe kumi, kwa sababu makosa utafanya, na ni heri uyafanyie kwa kuku.

Kifaranga wa siku moja hana shughuli na majani. Wiki ya kwanza anataka joto la nyuzi 32 hadi 35, kisha unapunguza kama nyuzi tatu kila wiki. Huna kipimajoto? Waangalie wenyewe. Wakirundikana chini ya taa au karibu na jiko, wanaona baridi. Wakijibanza ukutani midomo wazi, umewazidishia. Wakitapakaa chumba kizima wanadonoa, waache. Anayetumia jiko la mkaa aache upenyo wa hewa juu ya ukuta, moshi ule unaua kimyakimya. Wakishaota manyoya vizuri, kama wiki ya nne, wanaweza kutoka. Huku kwetu nyanda za juu, Juni na Julai, mimi husubiri hadi ya sita, na siwatoi asubuhi umande ungalipo.

Banda langu la kuhamisha lina urefu wa mita tatu na upana wa mita mbili, kimo chake kinanifika kiunoni. Ni mbao nyepesi, nusu nimeezeka bati, nusu ni wavu, na halina sakafu. Humo hukaa kuku 20 wakubwa. Kule Virginia, Marekani, mkulima Joel Salatin amejulikana sana kwa mabanda ya aina hii. Yake ni ya futi 10 kwa 12, kimo futi mbili, na ndani mna kuku wa nyama wapatao 75. Msiige idadi ile. Yeye kuku wake wanachinjwa wakiwa na wiki nane hivi. Sisi wengi tunafuga kienyeji, au kuku chotara kama Kuroiler na Sasso, wanaokaa miezi, na bati la chini namna ile kwenye jua la Dodoma litawaoka.

Hii kamba ya manila niliyoshika ndiyo tunayovutia, kila asubuhi, urefu wa banda zima. Vuteni taratibu. Kuku wa nyuma huchelewa, na ubao wa chini ukimkalia mguu unavunjika. Mimi humsimamisha kijana mmoja nyuma agonge bati kwa vidole. Kuku wanasogea mbele, ndipo tunavuta. Baada ya siku nne au tano wanakuwa wameshajua. Wakisikia tu kamba inakazwa, wote wako mbele, maana mbele kuna majani mapya na panzi. Nyuma kinabaki kipande cha mbolea, na mvua ikinyesha unakiona kijani chake kutoka barabarani.

Majani peke yake hayamshibishi kuku. Yanampa vitamini na wadudu, yanafanya kiini cha yai kiwe na rangi nzito, lakini sehemu kubwa ya chakula itatoka kwenye debe lako: pumba, mahindi, mashudu ya alizeti, dagaa, chokaa. Ukikuta mtu anayekuuzia vifaranga anakwambia wataishi kwa majani, nunua kwingine.

Usiku ndiyo vita. Wavu mwepesi wa kuku unamzuia kuku kutoka, ila kicheche anauchana. Weka wavu mzito kuanzia chini hadi usawa wa goti. Kuna adui mwingine ambaye wageni hawamfikirii: siafu. Kuku aliye huru atawakimbia. Aliye ndani ya banda hana pa kwenda. Ukiona msafara wao jioni, hamisha banda mbali kabla ya giza.

Na mdondo, ambao wengine mnauita kideri. Hauna dawa, una chanjo. Ipo ile ya I-2 inayotengenezwa Kibaha, inayostahimili joto kuliko chanjo nyingine nyingi za mdondo: tone moja jichoni, kila baada ya miezi mitatu. Kifaranga na jogoo wa kilo tatu wanapata tone lilelile. Mkubaliane na majirani mchanje siku moja.

Sasa nguruwe. Hapa naomba mnisikilize zaidi.

Homa ya nguruwe ya Afrika ilielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza hapa jirani, Kenya, mwaka 1921, na daktari wa mifugo aitwaye Montgomery. Nguruwe wa walowezi walikuwa wakifa, ngiri wa porini wakidunda. Mpaka leo ndivyo ilivyo. Ngiri anabeba virusi bila kuugua, papasi wanaoishi kwenye mashimo yake wanavihifadhi, na nguruwe wako akiambukizwa, hana tiba. Binadamu haimdhuru. Lakini virusi vyake vinadumu kwenye damu, kwenye nyama hata iliyogandishwa, kwenye tope la kiatu.

Nilikuwa na nguruwe 14. Asubuhi moja niligonga debe la chakula kama kawaida, na jike langu kubwa, ambaye siku zote ndiye wa kwanza, hakunyanyuka. Masikio yake yalikuwa na rangi ya zambarau pembezoni. Niliona ni kichomi, nikatafuta mtu amchome sindano. Siku ya tisa sikuwa na hata mmoja. Baadaye ndipo nikajua kwamba kijana aliyekuwa akinisaidia alikuwa ametoka kuchinja nyumba moja ambako nguruwe walikuwa wakianguka, na mwenye nyumba alikuwa akiwahi kuuza nyama kabla nguruwe hawajafa wote. Kijana alikuja na mabuti yaleyale. Simlaumu. Mlango wangu ulikuwa wazi, sikuwa na beseni la dawa ya kukanyaga kwa viatu, sikuwa nimemfundisha. Ila huyo aliyeuza nyama namlaumu hadi leo, na ninawaomba kwa moyo wote: nguruwe wakianza kufa, mwite afisa mifugo, usiiuze hata robo kilo. Kitimoto chako cha siku moja kitamaliza mabanda ya kata nzima.

Kwa hiyo nguruwe wa malisho anafugwa ndani ya uzio mara mbili. Wa nje ni seng'enge iliyobana, umezikwa chini kidogo, wa kuzuia ngiri na nguruwe wa jirani. Kisha acha mita moja au zaidi. Wa ndani unaweza kuwa waya wa umeme wa jua, nyuzi mbili, mmoja kama sentimita 20 kutoka ardhini na mwingine 45. Wafundishe kwanza ndani ya zizi imara, kwa sababu nguruwe asiyeujua waya akipigwa hukurupuka mbele badala ya kurudi nyuma.

Ndani ya uzio gawa vipande. Nguruwe anafukua, ndiyo kazi ya ile pua. Mwingize kwenye shamba la viazi mviringo lililokwisha kuvunwa, atakulimia na kukutolea mizizi. Ila viazi vilivyogeuka kijani viokote kwanza, vina sumu. Mhamishe kabla ardhi haijabaki uchi, na kwenye mteremko mkali usimweke kabisa, mvua itakubebea udongo wote. Kipande alichotoka kipumzike miezi mingi, maana mayai ya minyoo yake yanaishi udongoni kwa miaka. Mpe kivuli na dimbwi la tope. Hana jasho la kumpooza, na wale weupe, Large White na Landrace, huungua ngozi kwa jua.

Jambo jingine ni choo. Hiki nakisema waziwazi, mtaniwia radhi. Minyoo ya tegu inatoka kwa mtu kwenda kwa nguruwe kupitia kinyesi cha mtu. Mtu naye akimeza yale mayai, funza wake wanaweza kuingia kwenye ubongo na kumletea kifafa. Nguruwe asifike mahali ambapo watu wanajisaidia, na kila anayefanya kazi shambani awe na choo cha kutumia, hata kibarua wa siku moja.

Na kabla hujanunua hata mmoja, nenda kwa majirani. Kama wapo Waislamu, kaa nao, waoneshe uzio utapita wapi na maji yatatiririkia wapi. Mimi nilihamisha zizi mita 60 kwa sababu ya mzee mmoja, na tunasalimiana vizuri mpaka leo.

Mama ameuliza kuhusu wanaoishi karibu na hifadhi, penye ngiri. Mama yangu, hapo usimtoe nguruwe. Mjengee banda zuri la ukuta, kisha malisho yamfuate: matembele, magugu ya shamba, majani ya maboga. Majani ya muhogo yaanikwe kwanza. Makombo ya hotelini yachemshwe nusu saa kamili, au yaachwe. Kuku wako, hao watoe tu.

Naona umande umekauka. Tutoke. Pale mlangoni kuna brashi na beseni: sugua tope la kiatu kwanza, dawa haifanyi kazi juu ya tope, ndipo ukanyage humo. Mliotoka kwenye nyumba zenye nguruwe mtabaki na mimi upande wa kuku. Wanne waje kwenye kamba, na mmoja asimame nyuma agonge bati.