Alijua. Lakini Nani Alitenda?

ZUHURA: Karibu msikilizaji, popote ulipo na saa yoyote unayotusikiliza. Mimi ni Zuhura, niko na ndugu yangu Elia, na leo hatuna mgeni. Mada ameileta Elia mwenyewe. Alipoigusa mara ya kwanza nilimwambia tuiache kwanza mpaka moyo wake utulie. Juzi akanipigia simu akasema yuko tayari.

ELIA: Asante, dada Zuhura. Niko tayari, au niseme niko karibu. Mwaka jana tulimzika baba mdogo. Aligongwa na gari kando ya barabara, anasukuma baiskeli yake, hata hakuwa ameipanda. Dereva alikuwa amelewa, na hilo halikuwa tetesi, mwenyewe hakulikana. Sasa siku zote za msiba watu wanaingia, wanamshika mama mdogo mkono, wanamwambia, "Imeandikwa." Mwingine, "Siku yake ilikuwa imefika." Mwingine, "Kazi ya Mungu haina makosa." Mimi nimekaa pale ukutani, najiuliza: kama iliandikwa, kosa la yule dereva ni lipi?

ZUHURA: Uliuliza?

ELIA: Msibani unamwuliza nani? Nilinyamaza. Lakini swali halikuondoka. Mungu anajua yote, naamini hivyo mpaka leo. Basi alijua, kabla ya misingi ya ulimwengu kuwekwa, kwamba siku ile mtu yule angekunywa, angewasha gari, angeingia barabarani. Na alichokijua Mungu hakiendi kombo. Sasa angewezaje kutokunywa?

ZUHURA: Tusimame hapo, maana kuna mambo mawili umeyafunga fundo moja. La kwanza, kwamba jambo litatokea kwa hakika. La pili, kwamba mtendaji amelazimishwa. Chukua mazungumzo yetu haya. Msikilizaji ana uwezo wa kuruka mpaka dakika ya mwisho, akajua utakachosema, kisha akarudi hapa mwanzo. Anapokusikia sasa anajua neno lako la mwisho, wala hawezi kukosea. Je, amekulazimisha kulisema?

ELIA: Hapana, lakini mfano huo unanipunja. Yeye anajua kwa sababu mimi nimeshasema, maneno yapo kwenye rekodi. Mungu alijua kabla sijazaliwa. Nitaibadilishaje jana ya Mungu?

ZUHURA: Umegonga penyewe. Mwaka 1965 mwanafalsafa mmoja Mmarekani, Nelson Pike, alilibana jambo hilihili: kama jana Mungu aliamini nitafanya kitu fulani, na jana haigusiki, basi uwezo wangu wa kufanya vingine uko wapi? Wapo waliolijibu karne nyingi kabla yake. Boethius, mwanafalsafa wa Kirumi, kama mwaka 524 alikuwa kifungoni akisubiri kuuawa. Alikuwa kiongozi mkubwa serikalini, akaangushwa. Na akiwa humo kifungoni aliandika kwamba tunakosea tunaposema Mungu alijua "kabla". Mungu hana kabla wala baada. Uhai wake anao wote kwa pamoja, kwa hiyo haoni yatakayokuja, anaona yaliyopo mbele yake. Ukimwona mtu anatembea, kumwona kwako hakumsukumi mguu.

ELIA: Inanigusa kwamba aliyesema hivyo alikuwa anangoja kifo. Hakuwa anacheza na maneno.

ZUHURA: Na wanazuoni wa elimu ya kalam, yaani teolojia ya Kiislamu, wana kauli fupi: elimu hufuata kinachojuliwa. Yaani tendo halifuati ujuzi, ujuzi ndio unaofuata tendo. Yule dereva angeamua kuziacha funguo mezani, basi tangu azali Mungu angekuwa anajua kwamba mtu huyu aliziacha funguo mezani. Hakuna saa ambayo mkono wake ulishikwa.

ELIA: Hilo ningelimeza kama ujuzi wenyewe ungekuwa siri. Lakini akiambiwa? Kuna mtu mmoja ambaye kwa miezi hii nimekuwa nikimsoma kila wiki, Petro. Anaambiwa usoni: kabla jogoo hajawika utanikana mara tatu. Anakataa, anaapa yuko tayari kufa. Saa chache baadaye yuko uani, usiku, kuna moto, na mjakazi anamtazama anasema huyu naye alikuwa pamoja naye. Anakana. Wa pili anamtambua, anakana. Wa tatu. Jogoo anawika. Na Luka ana kitu ambacho wenzake hawana: Bwana akageuka akamtazama Petro.

ZUHURA: Wala hakusema neno.

ELIA: Hata moja. Petro akatoka nje akalia kwa uchungu. Sasa angalia, huyu ndiye mtu aliyekuwa na kisingizio bora kuliko binadamu wote. Angesema: ulishanitabiria, ningefanyaje? Mbona hakusema? Kwa sababu alikuwa ndani ya tendo lile, anajijua. Alikumbuka hofu yake mwenyewe, ulimi wake mwenyewe. Utabiri haukumwekea neno mdomoni.

ZUHURA: Machozi yale ni ushahidi, basi.

ELIA: Kwangu ndiyo. Na Yuda vilevile. Katika Mathayo, sentensi moja inasema Mwana wa Adamu anakwenda kama alivyoandikiwa, na hapohapo, ole wake mtu yule amsalitiye. Imeandikwa, na ole wake. Vyote viwili. Kumbe msibani kwetu tulipewa nusu ya sentensi.

ZUHURA: Nami nikupe ya upande wangu. Khalifa Umar, aliyetawala 634 hadi 644, yuko njiani kwenda Sham, yaani Syria na jirani zake, anaambiwa huko kuna tauni. Anashauriana na watu, anaamua kurudi. Abu Ubaida, jemadari wake na mtu anayemheshimu sana, anamwuliza: unaikimbia kadari ya Mungu? Umar anasema, laiti angesema hayo mwingine na si wewe! Ndiyo, tunaikimbia kadari ya Mungu kwenda kwenye kadari ya Mungu. Kisha anampa mfano: una ngamia wako, umeshuka bondeni, upande mmoja una majani, upande wa pili mkavu. Ukiwalisha kwenye majani si kwa kadari ya Mungu? Ukiwalisha pakavu si kwa kadari ya Mungu?

ELIA: Yaani kuchagua kwako nako kumo ndani ya kadari.

ZUHURA: Kumo. Kadari haikusubiri upande wa pili wa uamuzi wako, inapita katikati yake. Ndiyo maana Umar hakukaa chini akangoja kilichoandikwa. Aligeuza farasi, tuseme. Sijui alipanda nini, lakini aligeuza.

ELIA: Sawa. Kwa hiyo ujuzi wa Mungu haumwondolei dereva hatia. Nakubali, na nakubali kwa moyo. Lakini dada, deni halijafutika, limehamia mlango mwingine. Mimi nikijua jirani amelewa na anachukua funguo, nikanyamaza, nina lawama. Mungu alijua.

ZUHURA: Hapo ndipo penyewe, na naomba tusipite haraka. Kuna kisa kinasimuliwa cha Al-Ashari, mwanateolojia wa Kiislamu aliyefariki karibu mwaka 936. Alilelewa katika madhehebu ya Muutazila, waliosisitiza hiari ya mtu na uadilifu wa Mungu, na wengi wao wakisema Mungu hana budi kumtendea kila mja lililo bora kwake. Akamwuliza mwalimu wake, Al-Jubbai: ndugu watatu, mmoja kafa mcha Mungu, mmoja kafa kafiri, wa tatu kafa mtoto. Hali zao? Akajibiwa: wa kwanza ana daraja ya juu, wa pili motoni, mtoto kasalimika lakini hana daraja ile.

ELIA: Mtoto akilalamika?

ZUHURA: Ndiyo swali lake! Mtoto akisema, Mola wangu, mbona hukuniacha nikue nikutii kama kaka yangu? Mwalimu akasema: Mungu atamwambia, nilijua ungekua ungeasi, nikakufanyia lililo bora kwako. Al-Ashari akasema: basi yule wa motoni atapaza sauti, Mola wangu, ulijua na mimi nitaasi, mbona hukuniua mdogo?

ELIA: Ee Mungu.

ZUHURA: Inasemwa mwalimu alinyamaza. Wapo wanaotilia shaka kama mazungumzo yale yalitokea kweli, lakini hoja imesimama yenyewe. Kadiri unavyompa Mungu ujuzi mpana, mpaka wa yale ambayo yangetokea na hayakutokea, ndivyo swali la uovu linavyozidi makali.

ELIA: Na jibu la hiari, je? Kwamba huwezi kuwa na upendo bila kuwepo uwezekano wa kukataa?

ZUHURA: Lina nguvu, silidharau. Mwanafalsafa J. L. Mackie mwaka 1955 alilipinga hivi: kama mtu anaweza kuchagua jema mara moja kwa hiari, mbona Mungu asiumbe watu ambao kila mara, kwa hiari, wangechagua jema? Mwanafalsafa mwenzake, Alvin Plantinga, akajibu miaka ya sabini kwamba hilo haliko mikononi mwa Mungu peke yake. Nikichaguliwa nichague, sijachagua. Huenda hakuna ulimwengu wa watu huru ambao ungetoka safi, kwa sababu watu wenyewe ndio wangeuchafua. Wanafalsafa wengi wanaona alifaulu kwa kiasi hicho: Mungu na uovu si maneno yanayokataana.

ELIA: Lakini hilo ni la dereva. Tetemeko halina hiari.

ZUHURA: Halina. Lisbon, mji mkuu wa Ureno, 1 Novemba 1755, Sikukuu ya Watakatifu Wote, asubuhi, watu wamo makanisani. Ardhi ikatetemeka, kuta zikawaangukia, moto ukashika mji, bahari ikapanda. Mwanafalsafa Leibniz alikuwa ameshaandika mwaka 1710 kwamba huu ndio ulimwengu bora kati ya yote inayowezekana. Baada ya Lisbon, mwandishi Mfaransa Voltaire alimjia juu kwa maneno makali, na simlaumu.

ELIA: Nami sijawahi kuridhika na jibu kwamba uovu ni upungufu tu, kama giza lilivyo ukosefu wa mwanga. Ni la Augustino, namheshimu. Alipoiba mapeasi akiwa na miaka 16, wakawatupia nguruwe, alikiri baadaye kwamba hakuwa na njaa, aliupenda ubaya wenyewe. Hapo naona upungufu, kweli: moyo umetoboka. Lakini mwili wa baba mdogo haukuwa upungufu wa kitu. Niliuosha. Nilijua kila mahali ulipoumia.

ZUHURA: Pole, ndugu yangu.

ELIA: Asante. Kinachonishikilia ni Ayubu. Rafiki zake walikaa naye chini siku saba bila neno, na hapo walikuwa sawa. Wakaharibu walipoanza kueleza. Mwishoni Mungu anasema ghadhabu yake imewaka juu yao, kwa sababu hawakunena yaliyo sawa kama Ayubu, mtu aliyelalamika kitabu kizima. Yeye mwenyewe hapewi sababu ya watoto wake kufa. Anajibiwa, lakini haelezwi.

ZUHURA: Hilo linakutosha?

ELIA: Siku nyingine halinitoshi. Lakini linanizuia kumwekea Mungu maneno mdomoni mbele ya mjane.

ZUHURA: Uliniambia kwenye simu kuna jambo la yule dereva.

ELIA: Alikuja. Siku ya arobaini, peke yake, hata ndugu hakumleta. Tulishtuka sote, vijana wakasimama. Akapiga magoti mlangoni. Nilikuwa nimejiandaa kusikia shetani alimpitia, au kudra ya Mungu, maana wote waliomtangulia kupita mlango ule walisema hivyo. Akasema: "Nilikunywa. Mke wangu aliniambia niache gari. Nikaendesha." Basi, hayo tu. Katika watu wote walioingia nyumba ile, yeye peke yake hakusema imeandikwa.

ZUHURA: Mama mdogo akasemaje?

ELIA: Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akamsogezea kigoda. Akamwambia, "Kaa."